Neema Hutoka kwa Aliyekosewa



Nimeombwa nizungumze juu ya dhambi ya mwanadamu na tumaini la neema. Mada hii ni pana kama Biblia yenyewe, kwa hiyo sitaizunguka yote. Nitaingia kwa mlango mmoja, na mlango huo ni wa hospitali.

Gahini iko kando ya ziwa Muhazi, mashariki ya Rwanda. Katika miaka ya 1920 wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walifungua kituo hapo, na muda si mrefu njaa kubwa ya mwaka 1928 na 1929 ikaikumba nchi. Daktari kijana aliyeitwa Joe Church alihudumia wenye njaa hadi yeye mwenyewe akaishiwa nguvu za mwili na za roho. Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika. Huko Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali, mtu mwenye kiu ya Mungu kama yeye. Wakakaa pamoja wakisoma Maandiko na kuomba. Nawaomba muutazame mwaka huo vizuri: Mzungu daktari na Mwafrika mtumishi wa serikali, katika himaya ya Kiingereza, wamepiga magoti pamoja na kila mmoja anakiri kwamba amepungukiwa. Siku zile jambo hilo halikuwa la kawaida hata kanisani.

Church aliporudi Gahini, hospitali ya kituo ilikuwa bado na magomvi yake. Mkuu wa wahudumu, Yosiya Kinuka, hakupatana na daktari, na mali ya hospitali ilikuwa ikiibwa. Inasimuliwa kwamba Kinuka alikwenda Kampala akamweleza Nsibambi shida zote za Gahini, akitarajia kuhurumiwa. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba chanzo cha shida hizo kimo moyoni mwake yeye Kinuka. Maneno hayo yalimchoma. Lakini alirudi Gahini mtu mwingine, akaanza kutengeneza mambo na watu aliowakosea, mmoja mmoja.

Kutoka hapo, kuelekea mwisho wa 1933 na kwa nguvu zaidi mwaka 1936, ukazuka ule moto tunaouita Uamsho wa Afrika Mashariki. Ulivuka kwenda Uganda, Burundi, Kenya, Tanganyika na Kongo. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na mwalimu wa Gahini, alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, na wito wake kwamba Kanisa liamke ukaenea kuliko ambavyo ungeenea kama angeishi. Waliouitikia wakaitwa Balokole, nasi kwa Kiswahili tukasema Walokole. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26 wa kundi hilo, miongoni mwao William Nagenda, kwa sababu hawakukubali kuacha mikutano yao ya alfajiri na kukemea kwao dhambi hadharani. Upande wa Bukoba uamsho ulilikuta Kanisa la Kilutheri, na humo akatoka Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 hapo Dar es Salaam alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Historia hii ni ndefu, na wengi wenu mnaijua kutoka kwa bibi na babu zenu. Mimi leo nashika uzi mmoja tu. Ukiwauliza wazee wa Uamsho mtu aliyeokoka alijulikana kwa nini, wengi hawakuanza na nyimbo, wala na machozi. Walianza na kurudisha. Aliyechukua mali ya hospitali aliipeleka hospitalini. Aliyemwibia mwajiri alimwendea mwajiri. Aliyemsengenya ndugu alibisha hodi kwa ndugu huyo akamwambia nilikusema hivi na hivi, nisamehe. Wamisionari nao walisimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi cha rangi yao. Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye baadaye alifundisha shule huko Dodoma na hatimaye akawa askofu, alipookoka alipanda baiskeli kwenda kumtafuta Mzungu aliyekuwa akimchukia, amwombe msamaha. Wapo waliosema Mwafrika hana sababu ya kumwomba Mkoloni msamaha. Kivengere alijibu kwa maisha yake yote kwamba chuki ile ilikuwa yake, na ilikuwa inamla yeye.

Sasa tuliweke jambo hili katika mafundisho. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, hakuanza kwa kuhesabu makosa ya mtu mmoja mmoja. Alisema wote wako chini ya dhambi, Myahudi na Myunani, mwenye torati na asiye nayo, kisha katika sura ya saba akajitaja mwenyewe: jema analolitaka halitendi, na baya asilolitaka ndilo analojikuta akilitenda. Hayo ni maneno ya mtu anayejua kwamba dhambi ni zaidi ya orodha ya matendo. Ni nguvu inayomshika mtu kabla hajachagua, na hata uchaguzi wake mzuri inauchafua.

Aliyeichunguza nguvu hiyo kwa uaminifu mkubwa kuliko wengi ni Mwafrika mwenzetu, Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, nchi ambayo leo ni Algeria. Katika Maungamo yake anasimulia jinsi yeye na vijana wenzake, akiwa na miaka 16, walivyoiba mapeari ya jirani usiku. Hawakuwa na njaa. Nyumbani kulikuwa na mapeari mazuri zaidi. Waliyaonja machache, mengine wakawatupia nguruwe. Wasomaji wengi hushangaa kwamba mzee wa Kanisa, aliyeishi na mwanamke miaka mingi bila ndoa na kisha akamwacha, anatumia kurasa nyingi hivyo kwa matunda. Mimi sishangai. Wizi wa njaa una sababu, na mwenye sababu ana pa kujifichia. Wizi ule haukuwa na sababu yoyote isipokuwa utamu wa kukosea pamoja na wenzake. Anakiri kwamba peke yake asingeufanya. Kumbukeni hilo la wenzake, maana nitalirudia tutakapofika Rwanda.

Agostino alibatizwa Milano mwaka 387, akarudi Afrika, akawa askofu wa Hippo. Huko alikabiliana na mafundisho ya Pelagio, mtawa kutoka visiwa vya Uingereza, aliyekuja upande wetu wa bahari baada ya Roma kutekwa mwaka 410. Pelagio alifundisha kwamba Mungu asingetuamuru tusiloliweza. Kwa hiyo mwanadamu anaweza kuishi bila dhambi akiamua kwelikweli. Mafundisho hayo yana sauti ya kutia moyo. Hata leo yanahubiriwa kila Jumapili na watu wasiowahi kusikia jina la Pelagio: amua, jikaze, unaweza. Lakini yachunguzeni. Kama naweza kuwa mkamilifu, basi kila nisipokuwa mkamilifu sina la kujitetea, na mlevi aliyeanguka mara ya kumi hana tena nafasi katika nyumba hiyo. Maaskofu wa Afrika walipokutana Karthago mwaka 418 na kuyakataa mafundisho hayo, walikuwa wanamtetea huyo mlevi. Walisema neema haiji kumpongeza aliyefika. Humfuata mtu alipoangukia, ikamwinua, ikatembea naye, na ikimlazimu kuinuliwa tena, itamwinua.

Siwezi kumsifu Agostino kwa kila jambo. Alipokubali serikali itumie nguvu dhidi ya Wadonati, Wakristo wenzake wa Afrika, alifungua mlango ambao Kanisa limeutumia vibaya kwa karne nyingi. Na ndugu zetu wa Kiorthodoksi hawafundishi kama yeye kwamba tunarithi hatia ya Adamu. Wao husema tunarithi mauti na udhaifu. Hoja hiyo naiacha kwa wanafunzi wangu. Inayonigusa mimi ni kosa la Wadonati wenyewe, kwa sababu ni kosa letu. Walitaka Kanisa la watu safi. Wakati wa mateso yaliyoanza mwaka 303 chini ya mfalme Diocletian, baadhi ya viongozi walikuwa wamesalimisha Maandiko kwa askari, na Wadonati hawakutaka kushirikiana na kiongozi yeyote aliyechafuliwa na jambo hilo. Uamsho wetu nao, ulioanza kwa wenye dhambi kuungama, ulifika mahali ukaanza kupima nani ameokoka kweli na nani bado. Palikuwa na makundi yaliyojitenga na kundi lililojitenga. Mtu anayesema nimeoshwa yuko hatua moja tu kutoka kwa yule Farisayo aliyesimama hekaluni akimshukuru Mungu kwamba hafanani na mtoza ushuru.

Nimefika mahali pagumu, na sitapita haraka.

Nchi ulikoanzia Uamsho ndiyo nchi ambako, kuanzia Aprili 1994, katika muda wa siku 100 hivi, waliuawa watu wapatao 800,000 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, wengi wao Watutsi. Nchi hiyo ilikuwa imejaa Wakristo. Watu walikimbilia makanisani, kama walivyokuwa wamefanya katika machafuko ya zamani, na safari hii makanisa hayakuwakinga. Ntarama, Nyamata, Nyarubuye: haya ni majina ya makanisa, nayo ni majina ya makaburi. Wauaji na waliouawa walikuwa wameimba nyimbo zilezile. Wapo Wakristo waliokufa wakiwaficha jirani zao, na jina la Mungu litukuzwe kwa ajili yao. Lakini wapo pia mapadri na wachungaji waliowatoa waumini wao wauawe.

Nimesikia watu wakisema hilo linathibitisha kwamba Uamsho ulikuwa kelele tupu. Siamini hivyo, toba ya Kinuka ilikuwa toba. Tatizo, kwa maoni yangu, liko kwenye orodha ya dhambi tulizojifunza kuungama. Tuliungama pombe, uzinzi, sindano iliyoibwa, hasira nyumbani. Dhambi ya kukosea pamoja na wenzetu, ile ya Agostino na wenzake gizani, hatukujifunza kuiungama. Mtu aliweza kusimama mbele ya ushirika akataja wizi wa sahani, na asitaje kamwe kwamba kabila lake linalidharau kabila la jirani, kwa sababu dharau hiyo aliigawana na kila mtu aliyeketi upande wake, na jambo linalogawanywa na wote halionekani kama dhambi. Linaonekana kama hali ya hewa. Viongozi wa makanisa ya Rwanda walikuwa karibu mno na watawala. Asiyejitenga na mkubwa hawezi kumkemea.

Kenya ina funzo la namna nyingine. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ndugu wengi wa Uamsho miongoni mwa Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa kiapo kingine. Wengine waliuawa kwa ajili hiyo. Wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Huo ni ushuhuda wa damu, nami nauheshimu. Hata hivyo wakosoaji wao wana neno. Ardhi ilikuwa imechukuliwa, na dhambi ya kuichukua ilikuwa na wenyewe waliojulikana, walioketi viti vya mbele kanisani. Sauti ya toba ilisikika zaidi upande wa walionyang'anywa kuliko upande wa walionyang'anya.

Kwa hiyo nauliza swali ambalo mhadhara huu wote unalielekea: msamaha wa Mungu unapita wapi? Je, naweza kumwendea Mungu moja kwa moja, nikaoshwa, nikamruka niliyemkosea?

Yesu alijibu katika mahubiri ya mlimani. Ukiwa umeleta sadaka madhabahuni, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache pale, uende ukapatane naye kwanza. Angalieni nani ana neno juu ya nani. Hakusema ukikumbuka kwamba wewe umekosewa. Alisema ukikumbuka kwamba wewe umekosea. Zakayo naye, mtoza ushuru wa Yeriko, aliahidi nusu ya mali kwa maskini, na malipo mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Na Yesu ndiye aliyeanza kwa kujialika nyumbani kwake, kabla Zakayo hajaahidi hata senti. Neema ilitangulia. Lakini ilipoingia nyumbani, ilimgeuza uso awatazame aliowadhulumu, na ndipo Yesu akasema wokovu umefika.

Mtu atanipinga kwa Daudi. Katika zaburi yake ya toba anamwambia Mungu kwamba amemkosea Yeye peke yake. Uria Mhiti amekwisha kuuawa, mke wake amechukuliwa, na mfalme anasema Mungu peke yake! Kwa miaka mingi maneno hayo yalinikera. Sasa nayasoma pamoja na yale nabii Nathani aliyomwambia, kwamba kwa kumuua Uria amemdharau Bwana. Uria hayupo tena wa kuombwa radhi. Daudi hana mlango wa kubisha hodi. Damu ya Uria imepanda mahali pamoja tu panapobaki, na huko Daudi hana budi kukabiliana nayo.

Hapa ndipo Ukristo unaposema neno lake lenyewe. Tunakiri kwamba Mungu tunayemwomba msamaha ameingia upande wa waliokosewa. Yesu alisalitiwa kwa fedha na rafiki, akakanwa na rafiki mwingine, akahukumiwa na mahakama iliyojua hana hatia, akasulubiwa na askari waliotekeleza amri. Aliomba wasamehewe wakati misumari imo mwilini mwake. Hakusamehe kama hakimu anayefuta faili la watu wasiomhusu. Alisamehe kama mtu mwenye majeraha. Na alipofufuka hakuyaficha, Tomaso aliyaona. Petro, aliyemkana mara tatu kando ya moto wa makaa, aliulizwa mara tatu kando ya moto mwingine wa makaa kama anampenda. Hakuna aliyemwambia Petro tusahau yaliyopita. Kukana kwake kuliguswa palepale palipouma, na palepale akapewa kazi ya kuchunga kondoo.

Ndiyo sababu nasema neema hutoka kwa aliyekosewa. Anayepokea msamaha kwa Kristo anaupokea kutoka kwa mikono yenye makovu, na mikono hiyo itamwelekeza kwa wengine aliowatia makovu. Anayedai amesamehewa na Mungu huku hataki kumtazama jirani usoni, sijui amekutana na Kristo yupi.

Kivengere alilijua hilo kwa uchungu mwingine, uchungu wa aliyekosewa. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na utawala wa Idi Amin, na Kivengere akalazimika kukimbia Uganda. Ijumaa Kuu ya mwaka ule, akiwa kanisani London, akitafakari ile sala ya msalabani, aligundua kwamba moyo wake umejaa chuki juu ya Amin, na kwamba chuki hiyo inamtenga na Yule anayemhubiri. Mwaka huohuo alitoa kitabu kilichoitwa Nampenda Idi Amin, na watu walikasirika. Hakuwa amesema Amin hana hatia. Aliendelea kuutaja uovu wa Amin waziwazi popote alipokwenda.

Makanisa nayo yamejaribu. Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki mauaji, na Machi 2017 Papa Fransisko, akikutana na Rais Kagame, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa katika mauaji yale. Ilikuwa baada ya zaidi ya miaka 20. Mahakama za jamii za gacaca, zilizowahukumu washtakiwa wa mauaji yale na kufungwa mwaka 2012, zilisikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili, na humo aliyeungama alipunguziwa adhabu. Sheria ilihitaji kufanya hivyo, la sivyo magereza yasingetosha. Lakini mjane aliyesikia maungamo yale alijua kwamba baadhi yake yalikuwa ya kununua miaka. Wengine waliungama kwa kweli, wakaonyesha mahali mifupa ilipo, na kwa familia nyingi kuonyeshwa mifupa kulikuwa na thamani kuliko hotuba yoyote ya majuto.

Wachungaji wenzangu, hapa nawaambia ninyi hasa. Tumekuwa wepesi kumwambia mjane huyo asamehe. Tunamsomea Sala ya Bwana, tunamwonya kwamba asiposamehe hatasamehewa, na mara nyingine tunamleta mbele ya mkutano ampe muuaji mkono huku wageni wakipiga picha. Hilo ni dhuluma ya pili. Yule wa msalabani alisamehe kwa hiari yake; hakuna kuhani aliyesimama chini ya msalaba akimharakisha. Kazi yetu ni kwenda kwa muuaji na kumwambia ukweli wote wa dhambi yake, na ukweli wote wa neema, na kumfundisha kurudisha kila kinachoweza kurudishwa: shamba, jina, mahali pa mifupa. Kwa mjane tupeleke chakula, tulime naye, tukae naye kila Aprili inaporudi. Siku akisema amesamehe, tumwamini. Siku akisema bado, tumwamini pia, na tusimwondoe kwenye Meza ya Bwana, kwa sababu Bwana wa meza hiyo ana majeraha kama yake, na hajamwekea tarehe.